Droo ya Nne

Kabati letu la mafaili lilikuwa na pengo. Droo tatu za juu zilikaa sawasawa, zimepakwa vanishi ya rangi ya chai kavu, na kila moja ilibandikwa karatasi yenye mwandiko wa shangazi: Wafanyabiashara. Waajiriwa. Wanaosubiri. Chini yake, mahali pa droo ya nne, palikuwa na shimo jeusi, na juu ya shimo hilo karatasi ya nne iliyobandikwa mapema, kwa imani tu: Waliofunga. Mafaili ya watu waliofunga biashara zao yalirundikwa humo shimoni yakila vumbi, na kila mteja aliyekaa kwenye benchi aliinama kidogo kuchungulia, kama mtu anavyochungulia kinywa cha kibogoyo aliyecheka ghafla.

"Hilo pengo vipi?" waliuliza.

"Fundi amesema Ijumaa," nilijibu. "Ila hakusema ya mwezi gani."

Wakacheka, na walihitaji kucheka. Hakuna mtu anayekwenda kwa mshauri wa kodi kwa sababu amekosa pa kutembea. Walikuja na mifuko ya plastiki iliyojaa risiti zilizofifia, madaftari yenye madoa ya mafuta, na nyuso za watu wanaosubiri majibu ya daktari. Shangazi aliwapokea kwa miwani. Mimi niliwapokea kwa mdomo. Yeye walimwita Bi Stakabadhi, maana hata ukimwambia mvua imenyesha angekuuliza karatasi iko wapi. Ofisi yake iliendeshwa kwa sheria moja aliyonitamkia siku ya kwanza, kidole kikigonga meza kwa kila neno: "Usiandike. Usichokiona." Mimi waliniita Chiriku, na jina hilo alinipa fundi huyohuyo wa Ijumaa.

Nilimwona mara mbili tu maishani mwangu. Mara ya kwanza nilikuwa na wiki moja kazini, cheti changu cha sekondari bado kinanuka wino. Alikuja na hesabu zake za mwaka, yaani alikuja na mbao. Mapato na matumizi ya miezi kumi na miwili alikuwa ameyaandika kwa penseli ya useremala juu ya vipande vitatu vya mbao laini. Alivifunga kwa kamba na kuvitua mezani kwa shangazi, pu!

"Karatasi huliwa na panya," alieleza bila kuulizwa.

"Na mbao huliwa na mchwa," nikasema, kabla shangazi hajafumbua kinywa.

Aligeuka akanitazama. Alikuwa mwembamba, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi, utadhani kilichozeeka kwake ni nyusi peke yake. "Bi Stakabadhi," akasema taratibu, "kumbe umefuga chiriku. Anakula nini huyu?"

"Wateja wanaochelewa," nikajibu.

"Basi mnyimeni chakula Ijumaa, apungue sauti."

Sikuwa na la kurudisha. Hilo halikuwa limewahi kunitokea, shuleni wala nyumbani, na nakiri lilinifurahisha. Siku hiyo shangazi aliyatazama mafaili yaliyotapakaa sakafuni, akaziangalia zile mbao zilivyorandwa, akaagiza kabati la droo nne.

Lilikuja miezi miwili baadaye, siku ya Jumanne, mapema mwezi wa tatu, likiwa na droo tatu. Shangazi, ambaye hajawahi kulipa kitu kabla ya kukigeuza mara mbili, alilipa fedha zote palepale, kwa jinsi droo hizo zilivyoteleza.

"Na ya nne?" nikauliza.

"Ijumaa."

"Ijumaa ya watu au Ijumaa ya mafundi?"

Alikuwa tayari mlangoni, kamba begani. "Ijumaa ya watu, chiriku. Nisipoileta, nitanie mpaka niilete."

Ijumaa hiyo nilimsubiri na maneno manne yaliyonolewa, nimeyapanga kama sindano kwenye kitambaa. Hakuja. Wala ya pili yake. Simu yake haikupatikana, jambo ambalo halikunishangaza. Nimjue fundi gani aliyelipwa yote na simu yake ikapatikana?

*

Mwaka uliofuata, msimu wa kupeleka ritani za kodi, aliingia mwanamke wa makamo, mrefu, sindano tatu zimechomekwa kwenye kola ya blauzi, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Mimi ni mke wa fundi," alisema. "Yule wa kabati. Nimekuja kwa ajili ya namba yake ya kodi."

Sikumwacha amalize. "Mke wa fundi!" nikapaaza sauti mpaka benchi zima likageuka. "Jamani, mtuhumiwa amemtuma mkewe! Droo yetu iko wapi, mama? Hebu mwambie huyo bwana aache kulala, kabati limebaki kibogoyo linamsubiri yeye!"

Wateja walicheka. Yeye alinitazama muda mrefu, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa mbali na hana hakika kama ni yeye. Kisha nikaona mikono yake ikilegea juu ya mkoba.

"Anapumzisha mgongo," akasema.

"Mwaka mzima?"

"Ana mgongo mrefu." Na hapo akacheka, kicheko kifupi kilichokwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Basi mwaka jana hakufanya kazi yoyote huyo?"

Alisita. "Andika hivyo."

Nikaandika hivyo. Mapato: sifuri. Nikatia sahihi yangu mahali pa mtayarishaji. Shangazi alikuwa chumba cha ndani na mwenye duka la vipuri, na wateja wadogo alikuwa ameniachia mimi.

Siku hiyohiyo nilimfungulia na yeye faili lake la ushonaji. Daftari lake la mauzo lilikuwa safi kuliko yote niliyowahi kushika. Kingo za kurasa zilikunjwa na kushonwa kwa uzi, zisichakae. Nikamwita Mama Pindo, jina likamkaa. Akawa anakuja kila mwaka na bahasha mbili, yake ikiwa nene na ya mumewe ikiwa tupu. Sikuiona ajabu. Kusema kweli alikuja hata miezi isiyo ya kodi. Alipita, akakaa kwenye benchi dakika kumi, mkoba mapajani.

"Bwana hajambo?"

"Anapumzisha mgongo."

"Mgongo huo ungekuwa mbao, angeshauranda ukaisha. Mwambie nimemwota. Nimeota ameleta droo, nikaamka nimegonga kichwa kwenye pengo."

"Nitamwambia." Alifuta macho kwa kicheko, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Nilijivuna. Nilijiambia kwamba nina kipaji cha kuwapunguzia watu mizigo.

Mara tatu, miaka mitatu, niliandika sifuri.

*

Mwaka wa nne mamlaka ya kodi ilitoa tangazo: kila mlipakodi ahakikiwe kabla ya mwezi wa pili kwisha, kwa dole gumba, la sivyo namba yake itafungiwa na aliyemtayarishia hesabu ataulizwa. Asiyeweza kutoka kitandani, mshauri wake angemfuata na fomu nyumbani. Mama Pindo alikuja peke yake, akapiga dole lake, akanyanyuka.

"Na bwana?"

"Anapumzisha..."

"Mwaka huu hapiti mtu kwa mgongo, mama. Nitamfuata mwenyewe."

"Usijisumbue, mwanangu." Alisema hivyo mara mbili, na mimi nikadhani ni adabu.

Jumamosi nikatia fomu na pedi ya wino mkobani, nikaenda bila kumwambia mtu. Kila niliyemuuliza njia alinielekeza karakana ilipo bila neno la ziada, na wawili walinitazama vibaya kwa jinsi nilivyokuwa nikitabasamu. Karakana ilikuwa na kufuli lililoota kutu. Hata kufuli lake limelala, nikajisemea, na neno hilo nikaliweka akiba nije kumpiga nalo. Mlango wa nyumba ulikuwa pembeni, wazi. Ndani, cherehani ilikuwa ikinguruma.

"Hodi! Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Kari..." Cherehani ikasita. "Chiriku? Umefikaje huku?"

"Nimefuata harufu ya uvivu."

Alitabasamu nusu, nusu ya pili haikuja. Alikuwa akishona gauni jeupe, refu, lililomwagika kutoka mezani hadi juu ya mkeka. Shingoni utepe wa kupimia, mkononi kipande chembamba cha sabuni cha kuchorea vitambaa. Nyuma yake palikuwa na mlango wa chumba wenye pazia. Na miguuni pake, imejaa vibiringo vya nyuzi vya kila rangi, palikuwa na droo.

Niliitambua mara moja. Vanishi ya rangi ya chai kavu, na kishikio kilichochongwa mfano wa mwezi mwandamo, ndugu wa toka nitoke wa vile vitatu vya ofisini.

"Ahaa!" nikapiga makofi. "Kumbe droo yetu mmeifanya kikapu cha nyuzi!" Nikalielekea pazia, sauti juu. "Fundi! Fundi wewe! Toka huko, nimekushika na ushahidi! Leo utapiga dole mpaka lichubuke!"

Pazia halikutikisika. Nyumba yote ilitulia kama maji mtungini.

"Punguza sauti, mwanangu," alisema Mama Pindo.

"Kwani amelala?" nikanong'ona, bado nacheka.

Alilitazama gauni, si mimi. "Alifariki. Mwezi ujao anatimiza miaka minne."

Kisha akaukanyaga tena ubao wa cherehani akamalizia pindo lililobaki, shubiri mbili hivi. Nilisimama pale nikisikiliza sindano inavyopanda na kushuka, na nilitamani pindo hilo liwe refu, lisifike mwisho, kwa sababu likifika ingebidi mmoja wetu aseme kitu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka awe mimi.

Alikata uzi kwa meno.

"Alirudi Jumanne kutoka kwenu anacheka peke yake njiani. Nikamuuliza, kulikoni? Akasema kwa Bi Stakabadhi kuna kitoto kina ulimi kama patasi. Jumatano akakata mbao. Alhamisi, kabla ya adhuhuri, droo ikawa tayari. Akaiweka hapo hapo ilipo. Akasema, ngoja nipumzishe mgongo kidogo, kesho niipeleke kwa chiriku. Akaingia mle." Alilielekeza pazia kwa kidevu. "Ijumaa tukamzika."

Ijumaa. Mimi na maneno yangu manne.

"Lakini mama, ulikuwa ukisema..."

"Nilisema aliloniambia. Ndilo neno lake la mwisho. Sikuwa na jingine la kukujibu."

Nikaketi chini, juu ya mkeka, mbali na gauni. Akaendelea kwa sauti ileile, kama anayepima kitambaa cha mtu mwingine. Mara ile ya kwanza cheti cha kifo kilikuwa mkobani. Alikuwa amekuja kuuliza namba ya marehemu inafungwaje. Kwa mwaka mzima watu walikuwa wakimwona wanashusha sauti. Sokoni marehemu, kwa ndugu marehemu, hata waliokuja kununua masalio ya karakana waliuliza bei ya mbao za marehemu.

"Naingia kwenu, hata kiti hujanipa, unaniambia nimwambie aache kulala." Alikuwa akiuviringisha ule utepe kidoleni, akiuviringua. "Kila mahali alikuwa marehemu, mwanangu. Kwenu alikuwa mvivu tu."

Nilitoa fomu mkobani ili mikono iwe na kazi, nikaitazama kama nisiyejua kusoma. Pedi ya wino ikatoka pamoja nayo. Yeye akaiona kabla yangu. Akaifungua, akabonyeza dole gumba lake juu ya wino, taratibu, kama mtu anayejua kazi za mikono.

"Unafanya nini, mama?"

"Dole ni dole. Nani atajua ni la nani?" Akaisogelea karatasi. "Andika sifuri moja tu nyingine. Mwaka mmoja. Sifuri haimdhuru mtu."

Namuona hadi leo: dole jeusi limesimama hewani, kati ya karatasi yangu na gauni jeupe la mtu, na macho yake hayakuniomba kama mteja anavyoomba. Yaliniomba kama mtu anayeomba maji. Nilijua hati ya uongo ina adhabu gani, kwake na kwetu. Nilijua leseni ya shangazi inaning'inia ukutani kwa msumari mmoja. Nakiri hayo siyo yaliyonirudisha nyuma. Kilichonirudisha ni kwamba nilitaka kumpa. Ulimi wangu ulikuwa tayari umeshaunda utani wa kuusindikiza uongo huo, utani mzuri tu, na mara hii ningeusema huku nikijua.

Nikaivuta fomu.

Alibaki ameinua dole, asijue pa kuliweka, maana kila kilichokuwa karibu yake kilikuwa cheupe. Nikaenda nje nikachota maji kwenye kopo, nikachukua kile kipande chake cha sabuni, nikamwosha kidole kimoja kama tunavyowaosha watoto. Wino ulitoka, ila kwenye mistari ya ngozi ulibaki.

"Mwisho ni Jumatano," nilisema. "Uje na cheti, mama. Tafadhali."

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nenda."

*

Jumatatu nilimweleza shangazi kila kitu, nikiwa nimesimama. Alifungua droo ya Wanaosubiri, akatoa faili la fundi. Karatasi tatu, sifuri tatu, sahihi tatu zenye mkia wa madaha niliojifunza kuuchora nikiwa kidato cha pili.

"Ulimwona?"

"Hapana."

"Uliona karatasi yoyote?"

"Hapana, shangazi."

Alivua miwani. Nilisubiri radi. Mzaha mzaha hutunga usaha, ndivyo alivyopenda kunionya, na nilijua leo usaha umetumbuka mezani pake. Lakini aliikunja miwani tu, akaikunjua.

"Kaka yangu alipofariki," alisema, na kaka yake huyo ni baba yangu, "ulichekesha msiba mzima. Watu walikaa kwenye mikeka wanashika mbavu. Nilinyamaza. Nikasema, mtoto ana njia yake, atachoka." Alinitazama kwa macho matupu yasiyo na vioo. "Hujachoka?"

Nilizikusanya zile karatasi tatu.

Basi akavaa miwani yake, akarudi kuwa Bi Stakabadhi. Barua ya kukiri kosa angeiandika yeye, kwa mkono wake. Faini ikija ingekatwa kwenye mshahara wangu, na kama leseni ingeguswa tungejua huko mbele. Zile sifuri tatu zingefutwa. "Mtu aliyefariki hatayarishiwi ritani za miaka. Hutayarishiwa moja tu ya mwisho, kuanzia siku ya kwanza ya mwaka hadi siku aliyofariki. Baada ya hapo namba inafungwa. Na hiyo ya mwisho siyo sifuri, unanisikia? Yule mtu alifanya kazi. Alifanya kazi mpaka Alhamisi. Usimwandike mvivu."

"Na kama mama hatakuja?"

"Basi Alhamisi tutakwenda kueleza wenyewe, bila cheti, na kitakachomkuta kitamkuta." Akalifunga faili. "Atakuja."

Jumanne hakuja. Jumatano asubuhi benchi lilijaa hadi mlangoni, watu wa dakika za mwisho, na kila aliyeingia aliuliza pengo. Niliwajibu tu kwamba kabati halijakamilika. Muuza mitumba mmoja, mteja wetu wa zamani, aliniuliza kama ninaumwa jino.

Alasiri, watu wamepungua, mlango ukasukumwa kwa bega. Mama Pindo aliingia amebeba droo kama mtu abebavyo sinia. Nyuzi hazikuwamo. Humo ndani zilikuwa mbao mbili zilizofungwa kwa kamba, na juu yake bahasha.

"Shikamooni," alisema kwa sauti ya kawaida, ijapokuwa shangazi ni rika lake. Labda alimaanisha ofisi.

Shangazi aliinuka akampa kiti chake mwenyewe. Akaniwekea mimi fomu mpya, akaniwekea kalamu juu yake. "Yeye asome," akasema, "wewe andika. Unachokiona."

Ndivyo tulivyoifanya. Mama Pindo alizifungua mbao, akazifuta kwa kiganja, akasoma mwandiko wa mumewe, uliolala upande mmoja kama mtu anayetembea kwenye upepo. Mwezi wa kwanza: viti sita vya shule. "Hivi alivirudia viwili. Mwalimu alisema ni virefu, yeye akasema watoto watakua." Niliandika viti sita. Mlango mmoja na fremu yake. "Wa dada mmoja aliyeachwa. Hakumtoza bawaba." Nikaandika mlango, nikauliza bei ya bawaba, maana hiyo ni gharama na lazima iingie. Alikumbuka. Alikumbuka bei ya msasa, ya gundi, ya misumari ya inchi mbili. Mwezi wa pili: kitanda. Kabati la jikoni. Meza, ikarekebishwa, ikarekebishwa tena. Alicheka alipofika kwenye meza, akatueleza kwa nini, na sikuongeza kitu, nikamwacha acheke mpaka kicheko kilipokwisha chenyewe. Kila kazi niliiandika na tarehe yake, na nilivyoandika nikaona mtu anatembea kwenye zile safu, anakuja, nyusi zina vumbi, siku kwa siku, hana habari ya mahali safu inapoishia.

Mwezi wa tatu ulikuwa na mistari miwili. Kabati la ofisi, Jumanne, imelipwa yote. Na chini yake, kwa penseli iliyokuwa imeanza kuwa butu: Droo 1. Imekwisha. Ijumaa, chiriku.

Aliusoma huo nao kwa sauti. Shangazi aligeukia dirisha.

"Hii haina bei," nilisema. "Imo ndani ya bei ya kabati."

"Iandike hivyohivyo," alisema Mama Pindo. "Asije akaonekana hakufanya kitu Alhamisi."

Nikaiandika. Kisha nikafika kwenye kisanduku cha chini, Tarehe ya kufariki, na akafungua bahasha, akanisogezea cheti. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo kimeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo sana, kisichanike. Nikanakili. Akasaini mahali pa mjane. Shangazi akagonga muhuri mara moja tu, polepole, bila ule mshindo wake.

Kazi ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyeinuka.

"Haya," alisema Mama Pindo mwishowe, "nimebeba mbao njia nzima, niirudishe nyumbani?"

Nilipiga magoti mbele ya kabati, nikayatoa mafaili ya waliofunga, nikapangusa vumbi. Droo iliingia hadi nusu ikakwama. Miaka minne karibu na mtu anayepiga pasi nguo kwa mvuke. Mbao zilikuwa zimevimba. Nikasukuma kwa kiganja, kisha kwa goti.

"Usiitukane kwa nguvu," alisema nyuma yangu. "Itoe."

Akachutama kando yangu. Kutoka mfukoni akatoa kile kipande chembamba cha sabuni, akakisugua kwenye kingo za droo, chini na ubavuni, kwa mwendo mmoja mrefu, kichwa kimeinama upande. Sikuhitaji kuambiwa alijifunza kwa nani. Alipomaliza aliinusa kidogo, akaniachia.

Iliingia yote. Ilitoa sauti ndogo tu ilipofika mwisho, kama mtu anayeshusha pumzi.

Tulibaki tumechutama, mabega yamegusana, tukiitazama. Kabati lilikuwa zima, na uzima wake ulikuwa mgeni, haukunipendeza. Shangazi alishika faili la fundi mkononi lakini hakulileta.

"Chiriku," alisema Mama Pindo.

"Naam, mama."

"Hebu mtanie."

Nilimgeukia. Hakuwa akinitazama, alikuwa amekiweka kidole chake, kile chenye wino uliobaki kwenye mistari, juu ya kishikio cha mwezi mwandamo.

"Mara moja tu. Kabla hujaliweka faili."

Nilitafuta. Mimi, ambaye neno halijawahi kunichelewea, nilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uliotoboka. Maneno yote niliyoyanoa kwa miaka minne yalikuwepo, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Nje, mtu alikuwa akiuliza kama tumefunga. Kwenye kalenda ya ukutani, juu ya kabati, shangazi alikuwa ameizungushia wino mwekundu tarehe ya mwisho ya mwezi.

"Fundi," nikasema. Nilikohoa, nikaanza tena. "Fundi, leo ni Jumatano tu. Umewahi."

Mabega ya Mama Pindo yakaanza kutikisika, na sikuweza kujua ni kicheko au ni kile kingine. Nadhani hata yeye hakujua. Alinishika mkono, akaukandamiza, viganja vyetu vyote viwili vikiteleza kwa sabuni.